Sabuni ya kufulia jaketi kuukuu la rubani: ipi inunuliwe kwanza, ipi ikimbiwe

Mtu akipata jaketi la MA-1 la Jeshi la Anga la Marekani lililoshonwa miaka ya 1960, macho yake huenda kwenye nailoni, kisha huanza kutafuta sabuni ya nailoni. Hapo ndipo anapopotea. Nailoni ya majaketi haya ni ngumu na haitishwi na sabuni ya kawaida. Vinavyoharibika ndani ya beseni ni vile vilivyoshonewa juu yake: kola, ncha za mikono na ukingo wa kiuno vilivyofumwa kwa sufu, nembo iliyobandikwa begani, wino wa lebo, na rangi ya bitana. Sufu ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa hiyo nunua sabuni ya sufu na nailoni itajisafia humo humo.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha unajua ulicho nacho, maana majaketi ya jeshi hilo yana aina kadhaa. MA-1 na L-2B zina kola za kufumwa. Tofauti yao ni kwamba L-2B ni nyepesi, haina ujazo wa joto kati ya nguo ya nje na bitana. B-15 ina kola ya manyoya. N-3B ni ndefu na kofia yake imezungushiwa manyoya. Halafu kuna CWU-45/P, ambayo wauzaji wengi huiita ya nailoni wakati nguo yake ni Nomex, nyuzi zisizoshika moto kwa urahisi, iliyoanza kutumika miaka ya 1970. Hiyo ina masharti yake: usiitie klorini, wala dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha utando unaoweza kushika moto. Ukiwa na MA-1 yenye bitana ya rangi ya chungwa, ile iliyowekwa ili rubani aliyeanguka aigeuze nje na kuonekana na waokoaji, jua kwamba chungwa hiyo nayo inaweza kuchuja.

Kwenye chupa yoyote soma mambo matatu. Isiwe na alkali kali. Isiwe na vimeng'enya vya kula protini, kwa sababu sufu yenyewe ni protini. Na isiwe na king'arisha, ile dawa inayofanya nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi. Juu ya kijani cha kijeshi huacha mng'ao wa ajabu ambao mnunuzi mzoefu huugundua kwa taa ya urujuanimno.

Namba 1: Orvus WA Paste

Ni sabuni ya rojo yenye sodium lauryl sulfate, kemikali ya kutoa povu na uchafu, haina asidi wala alkali, haina manukato wala king'arisha. Wafugaji huioshea farasi na ng'ombe wa maonyesho, na wahifadhi wa nguo za kale wameitumia muda mrefu. Jina lake si la kifahari na kopo lake halivutii, lakini sijaona kitu kinachoishinda kwa jaketi lenye jasho na vumbi la miongo. Kijiko kimoja kidogo kinatosha beseni zima. Ukizidisha utasuuza hadi mikono ichoke. Ikiganda kwenye baridi, iweke kopo ndani ya maji ya vuguvugu nayo italainika.

Namba 2: Eucalan au sabuni nyingine ya sufu isiyosuuzwa

Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nguo za kufumwa, na Eucalan ina lanolini, mafuta ya asili ya sufu ya kondoo, inayorudisha ulaini kwenye sufu iliyokauka. Faida yake kubwa ni kwamba husuuzi, kwa hiyo jaketi halikai majini muda mrefu. Udhaifu wake ni mafuta: kola iliyokula jasho na mafuta ya nywele kwa miaka ishirini haitashtuka. Kwa jaketi ambalo lina vumbi tu na harufu ya kabati, hii ningeipandisha iwe ya kwanza.

Namba 3: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo

Kwa madoa tu. Tone moja kwenye ncha ya kidole, ukilisugua taratibu kwenye ukingo wa kola na mdomo wa mfuko, huyeyusha mafuta kuliko sabuni mbili zilizotangulia. Chagua isiyo na rangi kali. Kufulia jaketi zima kwa sabuni hii ni kujitafutia povu lisiloisha.

Namba 4: Nikwax Tech Wash

Wapenda milima wanaiamini, na kwa sababu nzuri: husafisha nguo za nje bila kuacha mabaki yanayovuta maji. Kwa L-2B ambayo sehemu zake za sufu zimekwisha kuondolewa ili zibadilishwe, ni chaguo zuri sana. Kwa jaketi lenye sufu yake halisi, sioni sababu ya kuiweka mbele ya namba 1. Kampuni hiyo hiyo ina sabuni nyingine ya sufu, usizichanganye dukani.

Namba 5: unga wa oksijeni, kama OxiClean

Watu huusifu kwa sababu maji hugeuka meusi na roho ikaridhika. Lakini unga huu ni sodium percarbonate pamoja na magadi, na ukiingia majini hutoa alkali kali. Sufu huwa ngumu na kukakamaa, rangi ya chungwa huanza safari, na wino wa lebo hufifia. Tumia tu kwenye bitana yenye ukungu, kwa pamba ya kupangusia, pale ambapo umekwisha kujaribu mshono wa ndani na kuona rangi haitoki.

Namba 6: dobi wa kemikali

Huyu husafisha nguo kwa kemikali badala ya maji, na ningemfikiria tu kama maji yameshindikana kabisa. Kemikali zinazoyeyusha mafuta zinaweza pia kuyeyusha gundi na rangi ya nembo ya begani, na nembo hiyo ikishatoka hairudi. Kola ya manyoya ya B-15 na kofia ya N-3B ni jambo jingine: ngozi iliyo chini ya manyoya ikilowa hukauka ikawa kama karatasi na kupasuka. Hayo mpelekee fundi wa manyoya, si dobi wa kawaida, wala usiyatumbukize kwenye beseni.

Ya kukimbiwa: klorini

Huyeyusha sufu, hufanya nailoni iwe njano na kuidhoofisha. Hata kijiko kimoja ni kingi.

Namna ya kufua haina siri nyingi. Fyonza vumbi kwanza kwa mashine, pande zote mbili, kwa sababu mchanga ukilowa husugua nyuzi kama msasa. Gusa kila rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni: kijani, chungwa, nembo, wino wa lebo. Kitambaa kikipata rangi, sehemu hiyo isilowekwe. Maji yawe baridi au vuguvugu kidogo tu, na sabuni na suuzo viwe na joto moja, maana sufu husinyaa inapotolewa kwenye maji ya moto na kutiwa kwenye ya baridi huku ikisuguliwa. Bonyeza, usisugue. Ukiliinua, libebe kwa mikono miwili chini yake: MA-1 za mwanzo zilijazwa sufu na pamba, za baadaye polyester, na zote zikilowa huwa nzito kiasi cha kuvuta mishono iliyochoka. Usikamue. Lizungushe ndani ya taulo, likandamize, kisha lilaze kivulini na uligeuze mara kwa mara hadi ujazo wa ndani ukauke. Jua ni adui wa nailoni: huila nguvu na kugeuza kijani kuwa na wekundu wa kahawia au zambarau. Mashine ya kukausha isahau.

Vya ukarabati

Sufu mpya ya kola na mikono nunua ikiwa tu ya zamani imekwisha kabisa. Matundu madogo ya nondo yanazibika kwa uzi mwembamba wa sufu na sindano, na jaketi lenye viraka nadhifu lina thamani kuliko lenye kola mpya ya akriliki inayong'aa. Ukilazimika, tafuta sufu halisi, na pima urefu na upana wa ile ya zamani kabla ya kuifumua, kwa kuwa ikishatoka hujikunja na kudanganya. Uzi wa kushonea uwe wa nailoni au polyester. Sindano ipite kwenye matundu yale yale ya zamani. Kila tundu jipya kwenye nailoni hubaki hapo milele.

Zipu usibadilishe haraka. Crown, Conmar, Scovill, Talon: jina lililo kwenye kichwa cha zipu ni sehemu ya ushahidi wa umri wa jaketi, sawa na namba ya mkataba iliyo kwenye lebo. Mara nyingi tatizo ni kichwa kilichopanuka, na koleo ndogo ikikibana taratibu pande zote mbili meno hushikana tena. Ikikwama tu, paka nta ya mshumaa. Mafuta ya mashine huingia kwenye nguo na kuacha doa ambalo litakurudisha kwenye namba 3.

Rangi ya kupaka nailoni upya usinunue hata ukiona picha nzuri. Nailoni hushika rangi vizuri kwenye maji yanayokaribia kuchemka, na maji hayo hayo yatafanya kola yako imtoshe mtoto.