Wiki tatu na plaizi ya kukunja: chombo kizuri, ala yenye kiburi

Boksi lilipofunguliwa, ala, yaani kifuko chake cha ngozi, ndiyo ilitoka kwanza, nami nikaisukuma pembeni bila kuitazama mara mbili. Akili yote ilikuwa kwenye chuma. Leo, wiki tatu baadaye, ukiniuliza ni kitu gani kilichoamua kama manunuzi haya yalikuwa na maana, nitakuonyesha ile ngozi niliyoisukuma. Nitaanza na chuma kwa sababu ndicho nilichoanza nacho mwenyewe, ila ujue mapema tunakoelekea.

Chombo chenyewe ni zile plaizi za kukunja ambazo mikono yake ina uwazi ndani, na humo ndimo walimopanga kisu, msumeno, bisibisi, mkasi na vikorokoro vingine. Watu wengi huziita Leatherman hata zikiwa za kampuni nyingine. Yangu si ya kampuni hiyo, na kwa kuwa nina manung'uniko, jina la waliotengeneza nitaliacha. Mtindo, hata hivyo, ni wa Tim Leatherman. Mwaka 1975 huyo bwana alikuwa akizunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat kuukuu iliyokuwa ikiharibika mara kwa mara. Mfukoni ana kisu cha skauti, na kila akikitoa anatamani kingekuwa na plaizi. Alirudi kwao Marekani akaanza kuchonga. Mpaka toleo la kwanza, PST, linaingia sokoni ilikuwa 1983. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinasaidia wakati wa kununua: hizi si visu vilivyoongezewa plaizi, ni plaizi zilizobeba visu. Taya zikiwa mbovu, hata kama mengine yote yanang'aa, umeuziwa mapambo.

Taya za hii yangu ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilizifumba nikazielekeza dirishani. Ncha zinagusana kwanza, halafu unapobana zaidi mwanga unafinywa taratibu kurudi kwenye bawaba, na hakuna taya iliyopanda juu ya mwenzake. Nikazitikisa kushoto na kulia: hazichezi. Tangu hapo zimeng'oa misumari iliyokatika vichwa, zimeshika nati chini ya sinki mahali ambapo mkono wangu haupiti, na zimenyoosha meno ya zipu ya begi, kazi ambayo plaizi kubwa ya kwenye sanduku la vifaa isingeiweza.

Ubaya ulijitokeza kwenye mikono. Ukibana kwa nguvu, zile kingo za bati hukaa moja kwa moja kwenye nyama ya kiganja. Tatizo hili ni la zamani. PST yenyewe ililaumiwa kwa hilo, maana mikono yake ilikuwa bati lililokunjwa na kingo zake zilielekea kiganjani. Matoleo ya baadaye ya kampuni nyingi yaligeuza au kuviringisha kingo hizo. Waliotengeneza ya kwangu waliviringisha upande mmoja tu, sijui mwingine waliuachia nani. Baada ya kufungua nati nne zilizoshika kutu nilikuwa na mistari miwili myekundu kiganjani kama nimebeba ndoo ya mpini wa waya. Nimepitisha tupa kidogo kwenye ukingo ule, halafu msasa laini. Imesaidia nusu.

Siku ya kwanza chombo kizima kilikuwa kigumu. Mkasi ndio ulioninyima raha: kile kipenyo cha kuingizia ukucha ni chembamba, na springi ya pembeni inaubana. Nilivunja ukucha wa kidole gumba kabla sijakata chochote. Dawa yake ni ile ya kila kitu chenye bawaba, tone moja la oili kwenye kila pini, kisha kufungua na kufunga huku unasikiliza redio. Tone moja, narudia. Mimi niliweka matatu, na jioni ile mfuko wa suruali ukawa na doa ambalo mpaka leo halijatoka. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa kinafunguka bila matusi.

Boksi linajigamba vifaa 17. Nilivihesabu, na hesabu inatimia ukikubali mbinu zao. Taya peke yake zimehesabiwa mara tano: ncha nyembamba, sehemu pana ya kati, kikata waya, kikata waya mgumu, na kibana vichwa vya waya. Rula iliyochorwa ubavuni mwa mkono nayo ni kifaa. Nadhani walikaribia kukihesabu na kidole gumba changu. Hawa si wa kwanza kufanya hivyo, kwa hiyo usinunue kwa idadi. Hesabu vitu unavyovitumia kila wiki. Kwangu mimi ni vitano.

Kisu ni cha tano kwa umuhimu, ingawa ndicho kinachopigwa picha. Kwenye shina lake pameandikwa 420HC. Hicho ni chuma cha pua chenye kromiamu ya takriban asilimia 13, na zile herufi mbili zinamaanisha kimeongezwa kaboni kuliko 420 ya kawaida. Tabia yake ni ya rafiki mwepesi: hunoleka haraka na makali hukimbia haraka. Kilikuja kikikata karatasi bila kuirarua. Baada ya kukata maboksi kwa siku mbili, kikaanza kuirarua. Dakika tano kwenye kinoo, kikarudi. Mtu anayetaka kisu cha kukaa mwezi bila kunolewa atafute chuma kingine na ajiandae kutoa jasho siku ya kukinoa. Kinafunguliwa kwa kidole gumba, mkono mmoja, na kikifika mwisho kijibati cha ndani kinasukumika nyuma yake na kukizuia kisirudi. Nilikigonga mgongo wake kwenye mbao mara kadhaa, hakikulegea. Jizoeze tu kukitoa kidole kwenye njia ya makali unapokifunga, kwa sababu kufungua kijibati kile kunakuhitaji uweke kidole mahali pale pale ambapo kisu kitapita.

Msumeno! Sikuununua kwa ajili yake, na umenishangaza. Tawi la unene wa fimbo ya kutembelea lilikatika kwa pumzi moja, na bomba la plastiki likakatika safi. Ni mfupi, kwa hiyo mkono unakwenda na kurudi kwa hatua ndogo kama mtu anayesugua doa, lakini meno yake yameachana vizuri na hayakwami.

Bisibisi zimenigawanya. Ile ndogo iko imara, na nimekaza nayo miguu ya miwani. Ile kubwa ni mdomo wa kuchomekea vichwa vya kubadilisha, na vichwa vyenyewe vimebanwa bapa ili viingie mkononi. Hapo ndipo uangalie kabla hujalipa, kwa sababu vichwa vya kawaida vya pembe sita, vile vya robo inchi, haviingii humu. Ukipoteza kimoja, unategemea kampuni hiyo hiyo. Nami nilikipoteza siku ya nne. Nilikuwa nakaza bawaba ya kabati, nikageuza chombo chini, nikasikia *tik* kwenye sakafu, kisha kimya. Kilipatikana kwa kutambaa. Tangu hapo kinakaa mdomoni kwa chozi la grisi.

Kosa moja ni la kwangu kabisa. Kikata waya kilikata waya wa shaba na wa fensi kama uzi, nikajitia ujuba nikakipa kipande cha springi. Springi hutengenezwa kwa chuma kigumu. Ilikatika, lakini makali yakabaki na vibonde viwili vinavyoonekana kwa macho. Kwenye aina za bei ya juu vikata waya hufungwa kwa skrubu na unaweza kuvibadilisha. Hivi vyangu ni sehemu ya taya, basi vibonde vile ni wenzangu wa maisha.

Sasa ala. Kiswahili kimenichekesha hapa, maana neno ni hilo hilo moja: ala ni chombo cha kazi, na ala ni kifuko cha kisu. Kabla ya wiki hizi nilidhani ni bahati tu ya maneno kufanana. Lakini plaizi yangu ya zamani, ya aina hii hii, iliishi kwenye droo miaka yote kwa sababu haikuwa na pa kukaa kiunoni. Mfukoni ilikuwa jiwe. Kila ilipohitajika ilikuwa mbali. Hii mpya ina gramu 243 kwenye mizani yangu, karibu sawa na ile. Tofauti yote ni ngozi.

Na ngozi ilianza kwa kiburi. Siku ya kwanza chombo kiliingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa kwa mikono miwili, kama jino. Kifuniko hakikufika kwenye kifungo chake cha kubonyeza. Kilipungua kama upana wa kidole. Nilikuwa karibu kuirudisha. Kisha nikakumbuka namna ya kuilainisha: loweka ngozi kidogo kwa maji ya uvuguvugu, funga chombo kwa tabaka mbili za plastiki nyembamba ili maji yasikiguse, kitumbukize ndani, bana kifuniko, acha usiku kucha mbali na jua na moto. Asubuhi ngozi ilikuwa imechukua umbo. Ukiitazama ikiwa tupu unaona kivuli cha bawaba kimejichora ubavuni. Sasa kifungo kinajibu *tap* kwa kidole kimoja, na ukiigeuza juu chini ikiwa wazi, chombo hakianguki. Velkro ingenipa wepesi huo tangu siku ya kwanza, lakini velkro hulia kama shuka linalochanwa na baada ya miezi hujaa nyuzi na manyoya mpaka haishiki tena.

Njia ya kupitishia mkanda imeshonwa pande zote, haina kifungo. Maana yake, kuivaa au kuivua ni lazima uchomoe mkanda kutoka kwenye suruali. Ni usalama, sawa, haitadondoka. Ila jaribu kufanya hivyo mahali pa ukaguzi huku watu wamepanga foleni nyuma yako. (Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye mzigo unaokwenda chini, kisu hakiingii nawe ndani.) Mahali pa kuivalia pia nimepatafuta. Ubavuni kabisa inagombana na mkono wa kiti na kifungo cha mkanda wa gari. Mbele inachoma tumbo ukiinama. Imetulia nyuma kidogo ya nyonga, upande wa mkono nisioutumia kuandika, nami naitoa kwa kupeleka mkono nyuma kama anayejikuna.

Kuna kasoro moja ambayo mtengenezaji yeyote angeiona kama angeitumia wiki moja. Kile kifungo kina mgongo wa chuma unaotokeza ndani ya ala. Kila ninapoingiza chombo, mgongo ule unapita juu ya mkono wake. Rangi nyeusi ya nje sasa ina mkwaruzo wa urefu wa kidole, mahali pale pale, kila siku ukirefuka. Nimekata kipande cha ngozi laini kutoka kwenye kiatu kibovu nikakigundisha juu ya chuma kile. Kinashikilia hadi sasa.

Jambo la kutu lilinikuta wiki ya pili. Nilinyeshewa, nikafika, nikavua mkanda, nikautundika, nikasahau siku tatu. Nilipofungua, msumeno ulikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa kwenye mizizi ya meno, na kisu kilikuwa na kimoja karibu na ncha. Chuma cha pua huchelewesha kutu, hakiikatai, na ngozi iliyolowa ni kama kitambaa cha maji ulichokifungia chuma. Vidoa vilitoka kwa kusugua na oili, ila msumeno umebaki na alama hafifu. Siku hizi nikilowa vinalala mbalimbali, ala ikiwa wazi kwenye upepo na chombo kimefunguliwa mezani kama kaa. Na kama unakiweka kabatini kwa muda mrefu, usikihifadhi ndani ya ngozi hata ikiwa kavu, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa bila wewe kujua.

Jana niligundua kona ya chini ya ala, pale uzito wote unapokaa, imeanza kuachia mishono miwili. Kwa wiki tatu ni mapema mno, na waliotengeneza wataupata ujumbe wangu. Lakini sikungoja. Nilifungua msharasi mdogo ulioko kwenye mkono wa plaizi, kifaa ambacho sikuwa nimekigusa hata mara moja, nikatoboa upya matundu ya zamani, nikapitisha uzi uliopakwa nta. Ngozi ile ni nene, sindano ilikuwa inakwama katikati. Kila ilipokwama niliivuta kwa ncha za plaizi.