Mausiku mawili kwenye hema Amani: mama alilala vizuri, gari letu halikufika

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Kwa hiyo nilipopiga simu kuulizia kambi ya mahema huko juu Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, sikuanza na bei. Nilimuuliza kijana aliyepokea, "Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?" Akasema cha kukaa, tena kina chuma cha kushikia ukutani. Nikaweka nafasi siku ileile: mausiku mawili, mahema mawili, mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tulikwenda wanne, mimi, mama na wanangu wawili.

Jina la kambi siliweki hapa. Nina malalamiko mawili mazito, nimemweleza mwenye kambi ana kwa ana, ameahidi kuyashughulikia, basi nampa muda.

La kwanza ni barabara. Kwenye simu tuliambiwa gari lolote linafika. Tukakodi Noah kutoka Tanga mjini. Hadi Muheza ni lami, hakuna neno, tukasimama kununua machungwa. Kutoka Muheza njia ni ya vumbi na mawe mpaka Zigi, kwenye lango la hifadhi, pale ilipokuwa ikiishia reli ya Wajerumani iliyotoka Tengeni. Kuanzia hapo ni kupanda, kona juu ya kona. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na kwenye kona moja Noah ikaanza kurudi nyuma. Namshukuru Mungu dereva alikuwa mzoefu, akaiegemeza kwenye ukingo wa kilima, tukashuka. Mama alikaa juu ya jiwe saa moja na nusu, mpaka gari la kambi liliposhuka kutuchukua. Tukalipishwa shilingi 40,000 ambazo hatukuzipangia. Amani inapata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na mtu anayeuza malazi kule anaijua hali hiyo kuliko mimi. Angeniambia tu, "Dada, njoo na gari la juu au tukufuate Zigi," ningelipa bila kunung'unika.

Tulipofika, mambo yakabadilika. Mahema yao ni ya turubai zito, yamewekwa juu ya jukwaa la mbao, ndani kuna kitanda cha futi tano kwa sita, godoro, neti na mablanketi mawili. Kijana aliyetupokea alimwamkia mama shikamoo, akamshika mkono kwenye ngazi bila kuombwa. Choo kilikuwa kama nilivyoambiwa, na kile chuma kimekazwa imara, nilikivuta mwenyewe kuhakikisha. Sisi wa mjini tumezoea joto la pwani. Usiku wa kwanza baridi ilimwingia mama mpaka kwenye mifupa. Niliomba blanketi la tatu, wakaleta blanketi pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, aiweke miguuni. Hilo sitalisahau.

Sasa la pili. Hema la watoto lilikuwa la chini kabisa, kwenye mtelemko, na halikuchimbiwa mtaro wa kuyapitisha maji pembeni. Mvua ilirudi saa tisa usiku. Maji yalishuka na kilima, yakapanda jukwaa kwa upande wa nyuma, na mwanangu mdogo akaamka godoro limelowa. Mlinzi alifika haraka na tochi, akawabeba mmoja mmoja kuwaleta kwetu. Asubuhi nilidai fedha ya hema lile, shilingi 60,000 kwa usiku, nikarudishiwa nusu. Kwangu haitoshi. Hema ambalo mtoto hakulala ndani yake halina sababu ya kulipiwa.

Pamoja na hayo, kilichonifanya niandike ni kijito. Kinapita chini ya kambi, kinaingia mto Sigi, na Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linalotuletea maji bombani Tanga. Pale kambini hakuna anayeoga wala kufua kijitoni. Maji huchotwa, huchemshwa kwa kuni, unapelekewa ndoo bafuni, na bafu lenyewe liko mbali na ukingo, maji machafu yanaishia kwenye shimo la mawe na changarawe. Mwanangu mkubwa alishuka na sabuni akitaka kusafisha viatu vilivyojaa tope. Mpishi alimwita kwa upole: "Mdogo wangu, maji haya utayakuta bombani kwenu. Panda na viatu vyako huku juu, nikupe ndoo." Mama alisikia. Amechota maji mtaani kwetu Makorora, Tanga mjini, tangu akiwa msichana, na jioni ile alikaa kando ya kijito muda mrefu, akiyatazama tu. Nimelala sehemu za bei kubwa zaidi ambazo hazijali maji yao yanaishia wapi. Hawa wanajali.

Chakula kizuri: wali, maharage ya nazi, kisamvu, na chai ya iliki inayolimwa vijijini hukohuko. Kuku alikuwa mgumu, wasimpikie mzee. Taa za sola zinazimika saa nne usiku, beba tochi.

Usiku huohuo wa kwanza, kabla ya mvua, kulitoka ukelele mtini, kama mtu anayekabwa. Watoto walinirukia. Mama akacheka, akasema ni perere, mnyama mdogo tu asiyezidi sungura, na akawaeleza mpaka woga ukawatoka. Asubuhi tulitembea na mwongoza wageni, taratibu kwa ajili ya magoti, tukawaona hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa, wakivuka bonde, na kwenye mwamba wenye kivuli ua dogo la zambarau. Mama akasema jirani yetu analo kwenye kopo la rangi. Mwongozaji akatueleza kwamba ni lenyewe, Saintpaulia, lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga na kulipeleka kwao mwaka 1892. Lile la kwenye kopo asili yake ni hapa kwetu. Mama aliinama kadiri alivyoweza kulitazama, hakulichuma.

Ukipiga simu kuweka nafasi, taja unataka hema namba moja au namba mbili, yaliyo juu. Uliza mvua imenyesha lini mara ya mwisho. Panga gari la kukuchukua Zigi na mpatane bei kabla hujatoka nyumbani. Mimi nimeshaweka nafasi ya Septemba, na mwenye kambi amenitumia picha ya mtaro unaochimbwa nyuma ya lile hema la chini. Mama ameniagiza soksi za sufu.