Vijiko Vinavyorushwa Prince Charles: The Room na Watazamaji Wake

Kama unaishi London na ulikulia kwenye mabanda ya video, nenda ukumbi wa sinema wa Prince Charles siku wanapoonyesha filamu ya The Room. Picha yenyewe ni mbovu. Nenda tu.

Ilitoka Los Angeles mwaka 2003. Tommy Wiseau aliiandika, akaiongoza, akaitayarisha na akawa stelingi yeye mwenyewe. Inasemekana iligharimu dola milioni 6, na wiki mbili za mwanzo ikaingiza kama dola 1,800. Kisa ni chepesi: Johnny anafanya kazi benki, na mchumba wake Lisa anatembea na Mark, rafiki yake mkubwa. Ila mambo hayashikani. Mama yake Lisa anasema ana saratani ya matiti, halafu ugonjwa huo hautajwi tena mpaka picha inakwisha. Wanaume wamevaa suti za harusi na wanarushiana mpira wa Kimarekani uchochoroni. Sebuleni kuna picha ya kijiko kwenye fremu, na hakuna anayeeleza imefikaje pale.

Kijiko hicho ndicho kilichowapa watazamaji kazi. Kikionekana tu, ukumbi mzima unakitaja kwa sauti na vijiko vya plastiki vinaruka kutoka kila safu, vinakuangukia kichwani na mabegani, wa mbele wanaviokota na kuvirusha tena. Kamera ikianza kupita juu ya daraja la Golden Gate, watu wanaihimiza ikaze mwendo. Ikifika ng'ambo wanashangilia kama timu yao imefunga. Ikikatwa njiani wanazomea. Kijana mmoja wa kwenye picha, Denny, akiingia anasalimiwa, akitoka anaagwa, na huwa anatoka mara tu baada ya kuingia.

Mambo haya hayakuanza na The Room. The Rocky Horror Picture Show ya 1975 haikupata watu ilipotoka, lakini mwaka uliofuata ikaanza kuonyeshwa usiku wa manane kwenye ukumbi wa Waverly, New York, na watazamaji wakaanza kuijibu, baadaye wakawa wanakuja na mchele na magazeti. Sisi nasi tulikuwa na yetu. Nani aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza Dar, sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, ikisikika juu ya picha ya Kichina, akanyamaza? Adui alipojificha nyuma ya mlango, banda zima lilimwonya stelingi. Huku Uingereza ukimnong'oneza tu jirani yako sinema unageukiwa kwa macho makali. Ndiyo maana nilipoingia Prince Charles nilijisikia nyumbani.

Wanaodhani watu wanakwenda kuicheka tu hawajakaa mle ndani. Picha mbovu za kulipua, zilizofanywa ovyo ovyo, ziko maelfu na hakuna anayezirudia. Wiseau hakulipua. Johnny anapolia, anayelia ni Wiseau mwenyewe, kwa nguvu zake zote, na ukumbi unalijua hilo. Watu wanamwitikia maneno yake kwa pamoja, neno kwa neno, kama wanavyomwitikia mwimbaji wanayempenda. Kwetu tunasema stelingi hafi. Huyu Johnny anajiua, na vijiko vinaendelea kuruka, lakini mimi hapo huwa namwonea huruma kweli.

Kuna watazamaji wanaoharibu: wale wanaosema mfululizo, juu ya kila sentensi, mpaka husikii chochote. Anayejua kazi hii hungoja, anatupa neno moja mahali pake, anatulia. Ukibahatika kukaa karibu na mtu wa namna hiyo, umepata nusu ya utamu wa usiku.

Ukumbi uko Leicester Place, uchochoro unaotokea Leicester Square, na ulifunguliwa mwaka 1962. Mwanzoni mwa 2025, mkataba wa pango ulipoingia kwenye mgogoro, watu zaidi ya 100,000 walitia saini kuutetea ukumbi, nami sikushangaa hata kidogo. Beba vijiko vya plastiki, vya chuma hapana. Watoto waache nyumbani, maana picha za kitandani ni ndefu na zinarudiwarudiwa. Kaa safu za katikati. Mara nyingine Greg Sestero, aliyeigiza Mark, huja mwenyewe. Ukiona tangazo hilo nunua tiketi siku hiyo hiyo, usisubiri mshahara.