Ahmedabad: anza na msikiti mdogo wa Lal Darwaza

Nilikwenda Ahmedabad, mji wa Gujarat huko India, kumuuguza mjomba wangu, si kutalii. Lakini siku za kungoja majibu ya vipimo ni ndefu, na mwenyewe ndiye aliyenihimiza: "Toka ukatembee, mwanangu, kukaa hapa kunakuchosha bure."

Nilipopapenda kuliko kote ni Msikiti wa Sidi Saiyyed. Uko Lal Darwaza, magari yameuzunguka, na ni mdogo mno. Wengi hushuka, wakapiga picha, wakaondoka. Msifanye hivyo. Ulijengwa mwaka 1573, usultani wa Gujarat ukiwa unaangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Wamughal, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika aliyepata cheo katika nchi ile. Hilo peke yake lilinigusa.

Halafu kuna madirisha. Ni mawe yaliyotobolewa mpaka yakawa kama kimia. Moja lina mti ambao matawi yake yanapindana na kusukana hadi yamejaza tao zima. Kibla huko ni magharibi, kwa hiyo niliposali Alasiri mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu mbele yangu. Baada ya sala nilichagua tawi moja nikalifuata kwa macho kutoka shinani. Kila nikifika katikati linajificha nyuma ya jingine. Mimi ni mtoto wa Unguja, milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe nimekua nayo. Ile ni mbao. Jiwe kuchongwa namna hii sikuwahi kuona.

Jama Masjid ya mwaka 1424 ni kubwa na tulivu, ina nguzo 260, ila adhuhuri sakafu ya uani inaunguza miguu: chukua soksi. Hekalu la Hutheesing la Wajaini, la mwaka 1848, ni marumaru nyeupe tupu. Wajaini, ambao dini yao inakataza kudhuru viumbe, hawataki ngozi hekaluni, kwa hiyo mkanda wa ngozi uache unakolala.

Makazi ya Gandhi kando ya mto Sabarmati hayana kiingilio. Aliishi hapo tangu 1917, na tarehe 12 Machi 1930 ndipo alipoanzia matembezi ya chumvi, ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza, kwenda Dandi, kijiji cha pwani. Chumbani mwake kuna kimeza cha chini cha kuandikia na gurudumu la kusokotea uzi, basi. Nje kuna miarobaini yenye kivuli kizuri. Nilikaa chini yake saa nzima, na hakuna aliyenisumbua.

Ziwa Kankaria, lililochimbwa mwaka 1451, linafaa kwa wenye watoto: treni ndogo, bustani kisiwani, vyakula. Kuna kiingilio, na Jumatatu hufungwa. Mimi nilikwenda Jumatatu nikakuta geti limefungwa. Bustani za kingo za mto ni safi, lakini zege ni nyingi na kivuli kichache. Nendeni jua likishazama.

Bajaji ni rahisi, ila hakikisha mita imewashwa kabla hamjaondoka. Dereva mmoja alinitoza mara tatu ya nauli niliyolipa asubuhi yake kwa njia ileile, na iliniuma, maana kila rupia ilikuwa ya dawa.

Mjomba alipopata nafuu nilimpeleka Sidi Saiyyed, siku moja kabla ya safari. Tulimwekea kiti akielekea ule mti, akautazama kimya mpaka ikaadhiniwa Magharibi.