Mwaka mmoja folkehøgskole Norwei: nyota 4 kati ya 5, na ile moja siirudishi

Kwanza niweke wazi maana naona watu wanachanganya sana, folkehøgskole sio chuo kikuu na sio sekondari, ingawa jina linakupeleka huko. Hakuna mtihani, hakuna maksi, hakuna digrii, na sio kwamba wamejisahau, sheria yao ndo inasema hivyo. Unaingia Agosti unatoka Mei, unalala bwenini, unasoma kitu unachokipenda tu, mi nilichukua friluftsliv, yaani maisha ya nje, milima na mahema na kayaki, halafu mwisho unapewa karatasi inayosema ulikuwepo. Basi. Mjomba wangu alipoiona ile karatasi aliigeuza nyuma kutafuta matokeo.

Kwa hiyo kama unatafuta cheti cha kukupa kazi, hapa sio penyewe, kaa na hela yako. Hii kitu ilianza Denmark kwa mawazo ya mchungaji mmoja Grundtvig, aliyeamini kijana anajifunza kwa kuishi na kuongea na wenzake kuliko kukariri, ikaingia Norwei mwaka 1864 pale Hamar, shule ikiitwa Sagatun, na mpaka leo wazo ni lilelile. Unalipia kuishi na watu. Hiyo fani unayochagua ni kisingizio tu, samahani walimu wangu.

Hela sasa. Mi ilinitoka kama kroner 130,000, ndani yake kitanda kwenye chumba cha watu wawili, msosi na safari mbili, na kabla hata ya hapo UDI, wale wa uhamiaji, wanataka waone una pesa za kutosha ndo wakupe kibali. Wenzangu Wanorwei walikuwa wanachukua mkopo na ruzuku Lånekassen, mfuko wa serikali wa kusomesha wanafunzi, sisi wengine ilikuwa mfuko wa ukoo mzima. Alafu ikaja listi ya vifaa ambayo hakuna aliyeniambia ni bajeti nyingine kabisa: begi la kulalia la baridi, buti, nguo za ndani za sufu (pamba usibebe, ikiloa inakugandisha), koti la mvua, suruali ya mvua. Dukani nilishika koti moja nikasoma bei nikalirudisha taratibu kama nimeshika yai. Nikaelekezwa Fretex, maduka ya mitumba, na FINN ambako watu wanauziana vitu vilivyotumika, nikapata karibu kila kitu huko. Buti chukua namba moja zaidi, soksi za sufu ni nene.

Lugha ilinichekesha na kuniliza. Nilikuwa nimejifunza Kinorwei kwenye simu miezi minne, najiona niko vizuri, nafika kule magharibi kwenye fjord, yaani mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, hakuna anayeongea vile. Simu ilinifundisha "jeg" (mimi) wao wanasema "eg", "ikke" (si) imekuwa "ikkje", na mabango yote ni nynorsk, ile namna yao ya pili ya kuandika ambayo hata sikujua ipo. Wiki ya kwanza nilidhani nimeshuka nchi nyingine. Tena hawasemi tarehe hawa watu, wanahesabu wiki za mwaka, "tunaenda mlimani wiki ya 38", mtu anakwambia hivyo kama kitu cha kawaida na wewe uko pembeni unafungua kalenda kwa siri.

Chakula napa tatu na nusu. Ni mkate asubuhi, mkate mchana, na mlo wa moto saa kumi jioni, ikifika saa tatu usiku unarudi kwenye mkate. Kuna brunost, jibini la kahawia lenye utamu kama karameli, siku ya kwanza nilisema hii ni nini, kufika Novemba nalitafuta mwenyewe. Ila chonde usilikate na kisu! Nilichukua kisu nikamega bonge kama nakata keki, meza nzima ikanyamaza. Kuna kifaa chake kinaitwa ostehøvel, seremala wa Lillehammer ndo alikibuni, hataza ya mwaka 1925, unakiburuza juu ya jibini kinatoa utepe mwembamba, na hapo pia una wajibu wa kuliacha limelala sawasawa, ukiburuza kwa kuinamia upande mmoja jibini linabaki na mteremko na kuna mtu atakwambia kwa upole kabisa kwamba umejenga kilima cha kuruka na ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Hayo ndo malalamiko makali niliyoyasikia kwa Mnorwei mwaka mzima.

Maana hawasemi. Hapo ndo kwenye kazi yenyewe. Wiki mbili za mwanzo ni michezo, nyimbo, watu wanashikana mikono, unasema nimepata ndugu, halafu ikiisha kila mtu anarudi kwenye ukimya wake. Mwenzangu wa chumba, binti wa kutoka Trøndelag, alikuwa ananiambia "hei" asubuhi na "god natt" usiku, katikati hakuna kitu, nikaamini hanipendi, nikawa nakaa maktaba mpaka usiku ili nisimkere. Mwezi na nusu wote hivyo.

Kilichotuokoa ni vyombo. Kila mwanafunzi ana zamu ya oppvask, kuosha vyombo vya shule nzima, mashine inanguruma, mvuke umejaa, miwani haioni, trei zinakuja mfululizo, na pale huwezi kuongea kwa sauti ya chini hata ukitaka. Tukapangwa pamoja wiki nzima. Siku ya tatu akanipigia kelele juu ya mashine, kwa Kiingereza, kwamba tangu Agosti anatunga sentensi kichwani za kuniambia na kila akizimaliza anaona Kiingereza chake kibovu nitamcheka. Mimi! Niliyekuwa najificha maktaba kwa ajili ya Kinorwei changu! Tulicheka mpaka mpishi akaja kuangalia kama kuna kitu kimevunjika. Krismasi nikawa kwao, nakula pinnekjøtt, mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi, zinapikwa kwa mvuke juu ya fito za mti, nazunguka mti wa Krismasi nimeshikana mkono na bibi yake ambaye hatuelewani neno hata moja.

Sasa ile nyota. Wiki ya 41 kuna likizo ya vuli na shule nilikosoma walikuwa wanafunga jiko na wafanyakazi wanaondoka. Niliuliza mapema nikajibiwa wengi huwa wanaenda kwa marafiki. Marafiki gani, hiyo ni Oktoba, bado nasalimiwa "hei" tu! Tukabaki watatu, mimi, kijana wa Nepal na dada wa Brazili, na mkate wa friza, na mvua ya upande ule isiyojua kukata. Basi la kwenda dukani lilikuwa mara mbili kwa siku. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nakubali, ila wametupokea na hela zetu wakati wanajua fika nyumbani kwetu sio mwendo wa treni. Februari ilipokuja likizo nyingine nilialikwa na familia tatu, mpaka nikawa nachagua. Oktoba ndo nilikuwa nahitaji.

Giza watu wanaliogopa sana, mi halikunisumbua kama nilivyotishwa. Sisi hatukuwa kaskazini kule jua linakopotea kabisa, ila milima ilikuwa inalikinga, miezi miwili na zaidi tunaona mwanga kule ng'ambo ya fjord na kwetu kivuli. Siku liliporudi uani darasa likasimamishwa, tukasimama nje macho tumefumba na boller mkononi, vimkate vitamu vya iliki, na mimi kwa harufu ile ya iliki nikajikuta nalia, mwalimu akadhani ni jua.

Pombe bwenini kwetu ilikuwa marufuku kabisa na ukikutwa unarudishwa kwenu, mjue hilo. Na dugnad, ile siku ya kazi za pamoja, usitoroke, utaonekana.

Kabla hujalipa hata krone moja waandikie shule swali hili tu: wiki ya 41 jiko likifungwa, mtu ambaye kwao ni mbali analala wapi na anakula nini? Wakijibu na jina la mtu atakayekupokea, lipa. Wakisema huwa inajipanga yenyewe, tafuta nyingine, ziko zaidi ya 70.