Pampu ya Kubinya ya Kutolea Maji Katika Kizimba Hai: Tathmini Baada ya Miezi Saba

Nimeitumia pampu hii kwa miezi saba sasa, na ninaiandikia tathmini kwa sababu maji yaliyotuama chini ya udongo yalikaribia kuniharibia kizimba cha kufugia mijusi nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Ni kifaa kidogo tu: tufe la mpira linaloenea kiganjani, lenye vali mbili zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja, na mipira miwili mirefu kama bomba, ya plastiki angavu, mmoja wa kunyonyea na mwingine wa kumwagia. Niliinunua ikiwa mpya kwa pauni 9 katika duka la vifaa vya magari hapa Leicester, kwani kazi yake iliyokusudiwa ni kuhamisha mafuta au maji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Iliyokwisha kupitisha petroli haifai kamwe kuingizwa mahali anapoishi mnyama, hata ikioshwa namna gani.

Kizimba changu ni cha kioo, chenye kitako cha sentimita 45 kwa 45 na kimo cha sentimita 60, na wakazi wake ni jozi ya mijusi wa buluu wa Kimboza, ambao kwa jina la kisayansi huitwa Lygodactylus williamsi. Hawafiki sentimita 9 pamoja na mkia. Kwao ni msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ambako huishi juu ya miti ya mikadi na hujificha kwenye vikonyo vya majani yake. Wangu wamezaliwa Ulaya kwa wafugaji na wana vyeti vyao. Ninalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu tangu mwaka 2017 mjusi huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na anayeuziwa kwa bei ya chee bila karatasi yoyote anapaswa kujiuliza ametolewa wapi.

Kizimba hai ni kile ambacho udongo wake una viumbe wanaofanya kazi ya usafi. Isopodi, vijidudu wenye miguu mingi, hula majani makavu na kinyesi cha mjusi, na kolembola, ambao ni vijidudu weupe wadogo kuliko punje ya ufuta, hula ukungu kabla haujaenea. Chini kabisa huwekwa tabaka la kuchujia maji, kwa kawaida vigololi vya udongo uliochomwa, kisha wavu laini kama wa dirishani, ndipo udongo wenyewe hufuata. Maji ya kunyunyizia yanayozidi mahitaji ya mimea hupenya hadi kwenye vigololi na kukaa huko, mbali na mizizi. Mpangilio huu ni mzuri, lakini una mpaka wake: maji hayo hayana pa kutokea. Yakipanda hadi kuugusa wavu, udongo huyavuta kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na kuanzia hapo hakuna tena sehemu yenye hewa.

Ndivyo ilivyonitokea majira ya baridi yaliyopita. Nilikuwa ninanyunyizia asubuhi na jioni kama wakati wa kiangazi, ilhali taa zilikuwa zikiwaka kwa saa chache na milango ya kioo ilikaa imefungwa. Siku moja nilipofungua nilipokewa na harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotengenezwa na bakteria wanaostawi pasipo hewa, na mfugaji akiinusa ajue kwamba uozo umekwisha kuanza huko chini. Isopodi walikuwa wamekimbilia juu ya magome, wamerundikana. Hawa ni jamaa za kaa, hupumua kwa viungo vinavyofanana na mashavu ya samaki, na ingawa hawawezi kuishi pakavu, wengi wao hufa wakizama. Nilipochutama na kutazama kwa ubavuni, niliona maji yamejaa sentimita 5 nzima za vigololi, rangi yake kama ya chai ya rangi iliyokolea.

Pampu haiwezi kunyonya kupitia udongo, na hili ndilo jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha yake. Ilinibidi kuchimba pembeni taratibu kwa kijiko, nikate tundu kwenye wavu, kisha nisimamishe kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 2 na nusu, ambalo ncha yake ya chini nilikuwa nimeitoboa matundu mengi. Hicho sasa ndicho kisima changu. Mdomo wake wa juu una kifuniko kinachobana, kwa maana mjusi wa ukubwa huu akitumbukia humo hatoki. Anayejenga kizimba kipya na akiweke kisima tangu siku ya kwanza. Gharama yake ni ndogo sana, na hatalazimika kuvuruga mizizi baadaye.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nilishusha mpira wa kunyonyea hadi chini ya kisima, nikaweka ndoo sakafuni, nikabinya tufe mara nne, na maji yakaanza kutiririka yenyewe, kwa kuwa mdomo wa kumwagia ulikuwa chini kuliko usawa wa maji yaliyomo. Uzuri wake mkubwa uko hapo: hakuna kuvuta kwa mdomo. Wengi wetu tumewahi kuona mafuta yakinyonywa kwa mpira namna hiyo, lakini wanyama watambaazi hubeba bakteria wa salmonela, na kuyameza maji hayo kunaweza kumlaza mtu kitandani. Zilitoka lita 3 na ushei. Hesabu yake inakubaliana na vipimo: kila sentimita moja ya kina katika kitako kile ingekuwa lita 2, lakini vigololi hujaza takriban asilimia 60 ya nafasi, hivyo hubaki kama lita 0.8 tu. Kesho yake maji yalikuwa yamepanda tena kwa sentimita moja, kwa sababu udongo uliolowa uliendelea kuchuruzika, nikayatoa kwa mara ya pili. Huwa ninaacha sentimita moja hivi ya maji kwa makusudi, iendelee kutoa mvuke.

Kasoro zipo. Ncha ya kunyonyea ina kichujio cha plastiki chenye matundu makubwa, yanayopitisha vumbi la makumbi ya nazi, nalo huenda kukwama kwenye vali. Siku ile ya kwanza nilisimama mara mbili kuifungua na kuisafisha. Niliking'oa, nikaikata ncha kwa mshazari ili isijibane sakafuni, kisha nikaifunga kipande cha soksi ya nailoni. Mpira nao ni mgumu na umezoea kujikunja kama ulivyofungwa dukani. Kuulowesha katika maji ya moto kwa dakika chache kunausaidia kunyooka.

Nilifikiria njia nyingine pia. Sirinji ya mililita 60 yenye mpira mwembamba inafaa kizimba kidogo, lakini kwa lita 3 ni kuvuta mara 50. Pampu ndogo ya umeme huhitaji kufunikwa na maji, nayo yakipungua huunguza mota. Kutoboa kioo na kufunga koki ni suluhisho bora kwa aliye na fundi, ila kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitoboleki: kikiguswa na keekee hupasuka chote.

Kuhusu kolembola, msimwage maji upesi. Hawa huelea, nami niliwakuta juu ya ndoo kama vumbi la unga. Niliwasogezea jani kavu, wakapanda kwa makumi, nikawarudisha kwenye udongo. Maji yenyewe ninayamwagia maua ya ndani, si mboga, na pampu ninaioshea bafuni, mbali na vyombo vya kulia.

Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ningeinunua tena. Hata hivyo, tangu nilipopunguza kunyunyizia hadi mara moja kwa siku wakati wa baridi, ninaitoa kabatini mara moja tu kila baada ya wiki sita hivi, na isopodi wamerudi chini ya majani, wakiwa na watoto.