TAHADHARI: boti ya kabini "masaa 210 tu, ilikuwa ya marehemu baba", msitume arbuni

Ndugu zangu, kama umeona tangazo la boti ya kabini futi 28, nyeupe yenye mstari wa bluu ubavuni, vitanda viwili, jiko na choo ndani, "ya mwaka 2016, injini masaa 210 tu, ilikuwa ya marehemu baba", naomba usitume hata senti moja kabla hujasoma hapa. Hiyo boti nimeingia ndani yake, nimeishika kwa mikono yangu, na anayeiuza ameondoka na arbuni yangu, na wiki hii nimeiona imerudi sokoni kwa jina lingine la muuzaji, picha ni zilezile mpaka ile kushini yenye alama ya kuungua na sigara karibu na dirisha.

Nianze na kosa langu maana ndo wengi tunapoingilia. Bei haikufika hata nusu ya boti za aina hiyo za mwaka huo, nikamuuliza mbona chee hivyo, akasema ndugu wanagombania mirathi wanataka hela haraka wagawane. Inaingia akilini kabisa. Halafu akaanza, kaka kuna mtu anakuja kesho asubuhi na hela taslimu, ukitaka nikushikilie tuma asilimia 10, usipoipenda nakurudishia yote. Nikatuma. Hakuna karatasi tuliyosainiana, ni meseji tu. Na ubaya wa arbuni sio ile hela peke yake, ni kwamba ukishaitoa unaenda kuangalia boti huku unaomba Mungu iwe nzima, yaani moyo wako ushanunua, macho hayaoni tena.

Bahati nilienda na shemeji yangu ambaye ni fundi wa injini za boti. Boti iko nchi kavu juu ya trela. Jamaa akatupokea vizuri sana, moja kwa moja akatupandisha kabini, aisee ndani pazuri, kushini mpya, zulia jipya, taa mpya, kumepulizwa marashi mpaka pua inawasha. Mimi nikakaa kitandani. Shemeji hakukaa, alivuta droo ya chini ya kitanda akaitoa yote nje, akanionyesha reli zake zimeota kutu, na skrubu za chini zote zina kutu wakati za juu zinang'aa. Akanyanyua kushini ya pembeni, kwenye ubao nyuma yake kuna mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa rula, kama shubiri mbili hivi kutoka sakafuni, unazunguka kabini nzima. Huo ni mstari wa maji jamani. Hiyo boti iliwahi kuzama, au maji yalikaa ndani muda mrefu mpaka yakaacha alama, na yale marashi na kushini mpya kazi yake ilikuwa kuficha hilo. Na maji yakifika hapo ujue injini ilishafunikwa zamani maana iko chini zaidi, na nyaya za umeme nazo, na waya ukishaingiwa na maji ya chumvi unaoza kwa ndani ya plastiki yake huku kwa nje unauona msafi.

Tukaenda kwenye injini. Tulikubaliana saa nne na tulifika saa nne. Shemeji akafungua mfuniko akaweka kiganja juu ya injini, ya moto. Akamuuliza boss umeiwasha leo? Hapana, haijawashwa toka juzi. Na pale chini nyuma ya boti ardhi imelowa, maji ya mpira waliouunganisha kupoozea injini wakati wanaiwasha, hayajakauka bado. Hapa naomba mnielewe vizuri, injini mbovu inasema ukweli ikiwa ya baridi. Ndo utaona inavyosumbua kuwaka, ndo utaona moshi wa bluu wa oili, ndo utasikia inavyogonga, ikishapashwa moto inaweza kutulia ukadhani nzima. Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kabisa asiiguse mpaka ufike, na ukifika weka mkono kabla ya salamu.

Kilichonitisha zaidi alitaka kutuwashia palepale bila kuwasha feni ya kutoa hewa kwenye chumba cha injini. Hii ni injini ya petroli iliyo ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala kule kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja tu inatosha kulipua boti na waliomo. Kanuni ni feni izunguke angalau dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo, na unainusa ngama kwa pua yako mwenyewe. Shemeji alimshika mkono. Mtu aliyekulia kwenye boti hiyo na baba yake atakosaje kujua hilo? Mimi hapo ndo nilijua hakuna marehemu wala mirathi.

Injini yenyewe ilipakwa rangi mpya mpaka kwenye mipira ya maji na klipu zake, sasa fundi anayetunza injini hapaki rangi mipira. Shemeji akavuta kijiti cha oili, oili imebadilika rangi kama maziwa, maana yake imechanganyika na maji. Kwenye maji chumvi ugonjwa huu mara nyingi unaanzia kwenye ekzosti, zile chuma za kutolea moshi zinapoozwa na maji yaleyale ya bahari yanayopita ndani ya kuta zake, chumvi inazila taratibu, siku zikitoboka maji yanarudi kwenye silinda na injini imekwisha. Ndo maana watu wa boti wanazihesabu ni kitu cha kubadilisha, wengi wanakwambia miaka 5 mpaka 7 kwenye chumvi. Nikamuuliza hizi zilibadilishwa lini, akasema hizo haziharibikagi. Na kule nyuma mguu wa propela unapotokea kuna mpira wenye mikunjo kama kodiani, ndo unaozuia maji yasiingie, ukipasuka boti inazama usiku imefungwa zake gatini hakuna mtu. Wake ulikuwa na nyufa ukucha unaingia.

Sasa namba. Boti ina namba yake ya kiwandani, iangalie nyuma kabisa upande wa kulia ukiwa umeelekea mbele, juu ya mstari wa maji. Kwa boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Agosti 1984 ina herufi na tarakimu 12, tatu za mwanzo ni za kiwanda, mbili za mwisho ni mwaka wa modeli, na inatakiwa iandikwe tena sehemu nyingine iliyojificha kwenye boti ileile ili mtu akibadilisha ya nje ya ndani imsute. Ya jamaa iliishia 08, yeye anasema 2016. Kibati chenyewe kina riveti mpya, na pembeni yake rangi inaonyesha kivuli cha kibati kingine kikubwa kuliko hicho, kwa hiyo hata hiyo 08 mimi siiamini. Nilipiga picha kabla hajasogea.

Ubao wa nyuma, pale injini inaposhikiliwa, shemeji aliugonga na mpini wa bisibisi, sehemu nyingine inalia ko ko ko kavu, kuanzia katikati kushuka chini inalia bu, bu. Boti nyingi za faiba zina mbao ndani ya ule ukuta, maji yakipenya kwenye matundu ya skrubu mbao inaoza humohumo na wewe nje unaona faiba inameremeta. Kuutengeneza ni kazi kubwa, mara nyingi injini inabidi itoke.

Nikamwambia sawa, tuishushe majini tukaijaribu na mkaguzi wangu awepo, akasema tairi za trela mbovu, halafu mkaguzi wa nini wakati ripoti ipo, akanitumia PDF kurasa 3, haina kipimo hata kimoja cha unyevu wa bodi, haina mgandamizo wa silinda, haina namba ya boti, ni picha za kabini na maneno "hali nzuri sana". Ripoti anayokupa muuzaji ni tangazo tu. Mkaguzi mtafute wewe, mlipe wewe, boti aione ikiwa nje ya maji na baadaye ikiwa majini inakimbia kwa kasi yake yote, aone kama injini inafikisha mizunguko kwa dakika iliyoandikwa na kiwanda.

Nikaomba arbuni yangu. Sawa kaka, kesho asubuhi. Kesho asubuhi namba yake haipatikani na meseji zangu kaziblok.

Baada ya kuwaambia watu, dada mmoja akanitafuta, yeye alikuwa mbali hawezi kwenda kuiona, picha zilezile, akaambiwa alipe bei yote kwa "kampuni ya kushikilia hela" mpaka boti imfikie, na linki akatumiwa na muuzaji huyohuyo. Nashukuru aliuliza kabla. Mtu wa kati unamchagua wewe, unamtafuta mwenyewe na kuongea naye, usibonyeze linki ya anayekuuzia. Na mtu akikwambia ni boti ya marehemu mwombe karatasi za usimamizi wa mirathi pamoja na za umiliki, tena ziangaliwe kama boti haijawekwa rehani, kwa sababu sehemu nyingi deni linaifuata boti, ukainunua unashangaa watu wanakuja kuichukua gatini.

Kama tayari umeshatuma hela, piga simu benki au kwa mtandao uliotumia saa hiihii, usisubiri hiyo kesho asubuhi yake, na usifute meseji hata moja, ukaripoti polisi nazo. Mimi nimesharipoti. Picha ya kibati cha namba na ya ule mstari wa kahawia ninazo, aliyeona tangazo linalofanana aniandikie nimtumie alinganishe, na aangalie ile kushini ya dirishani.